Notisi Mnataka Apelekewe Nani?

Juzi tena, khitmani, sinia la pilau halijafika, bwana mmoja ananigeukia: "Nyinyi watu wa majengo, ile nyumba mbovu ya Kibokoni mnaingojea imuue mtu? Si kaunti imnyang'anye mwenyewe, yaishe?" Pale nilinyamaza kwa heshima ya marehemu. Hapa sinyamazi.

Lile jepesi kwanza. Mji wa Kale wa Mombasa, ilipo Kibokoni, ni eneo la hifadhi, lakini hifadhi haikuifanya nyumba yako mali ya serikali. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inakubana usibomoe wala usigeuze sura ya jengo bila ruhusa. Umiliki ni wako, na fundi unamlipa wewe. Kuitwaa kwa lazima kunawezekana, ila kifungu cha 40 cha Katiba kinadai fidia ya haki, tena ya haraka. Na anayedhani serikali ikimiliki ndiyo salama avuke Unguja. Beit al-Ajaib, lile jumba la kifalme la mwaka 1883, ni ya serikali. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 huku ikikarabatiwa.

Sasa neno linalonichoma: "mwenyewe". Nani huyo?

Kuna nyumba niliipanda mwaka jana, ngazi zake hukanyagi katikati. Hati ina jina la babu aliyekufa kabla ya uhuru, na mirathi haijawahi kufika kwa Kadhi. Babu aliacha wajane wawili na watoto. Wajane walikuwa na thumuni yao, yaani fungu moja la nane, nao wakafa, thumuni ikakatwa tena kwa watoto wao, na baadhi ya hao pia wako makaburini. Nilikaa barazani na mzee wa ukoo, yeye anataja, mimi naandika, mpaka tukafika warithi 31. Wengine wako Maskati, mmoja Toronto, shangazi yuko Majengo, na ndugu wawili hawasemezani tangu harusi ya 1998. Mwenye fungu dogo kuliko wote, ukimkatia lake sakafuni halitoshi kutandika mswala. Haya, niambie notisi ya kutengeneza nyumba aandikiwe nani. Marehemu?

Kisheria kaunti ina meno: ipo sheria ya mipango ya 2019, ipo ya afya ya umma. Karatasi inabandikwa mlangoni, na anayeisoma ni mpangaji. Naye aliingia kwa kilemba, ile pesa ya kuingilia nyumba, alichotoa baba yake, na kodi yake iko chini ya zile shilingi 2,500 ambazo sheria ya kudhibiti kodi inazilinda. Kodi hiyo ya mwezi hainunui korija moja ya boriti, yaani miti ishirini ya mikoko ya kushikilia dari. Ikiwa nyumba ni wakfu, hata mjadala wa kuuza haupo. Haiuzwi wala hairithiwi, na mutawali, msimamizi wake, ana mapato yaleyale ya wapangaji walewale.

Halafu notisi yenyewe husema "tengeneza" na kuishia hapo. Mrithi mwenye huruma anatuma pesa, fundi anapiga plasta ya saruji juu ya matumbawe, na nyumba inang'aa kama bibi harusi. Jamani! Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Unyevu unapanda kutoka chini na chumvi yake, unatokea usoni, chokaa inamomonyoka kidogo, unapaka nyingine. Ukiziba kwa saruji, maji yanazidi kupanda yakitafuta pa kutokea, mpaka yafike kwenye vichwa vya boriti vilivyofukiwa ukutani. Huko hakuna jicho linalofika, ila la mchwa. Nimeona dari ikishuka kwenye nyumba iliyopakwa rangi mpya.

Nami sina mikono misafi. Miaka ya nyuma niliandika ripoti kwamba nyumba fulani haifai kukaliwa. Vipimo vyangu vilikuwa sahihi, vichwa vya boriti vilikuwa unga mtupu. Ofisi husika ikawahamisha wapangaji, nikajiona nimeokoa watu. Lakini wale wapangaji tuliokuwa tukiwalaumu ndio waliokuwa wakizibua mifereji, wakikinga ndoo, wakipachika bati lililopeperuka. Walipotoka, masika ya kwanza paa likafunguka, ya pili ghorofa ikalala chini. Wangebaki, pengine ningewazika. Pengine pia nyumba ingekuwa imesimama hadi leo. Nimelifikiria mara nyingi na bado sijui ningeandika nini.

Siku hizi naomba notisi itaje paa na mifereji tu, na magogo ya kuegemeza dari. Nakshi za mlango zitangoja.

Wale 31 nao wana kikundi cha WhatsApp sasa. Zaidi ni dua na lawama. Wiki iliyopita yule wa Toronto aliuliza yanahitajika mabati mangapi. Nikamwambia 40. Hajajibu bado, ila shangazi wa Majengo ameshaanza kuuliza pesa zitapokelewa na nani.