Faiba au mpira? Angalia kwanza boti italala wapi

Swali hili tunaletewa sana na kamati za wavuvi za shehia, wazamiaji na watembezaji wageni: pesa imepatikana, tununue boti ndogo ya faiba au ile ya mpira yenye tumbo gumu? Aghalabu anayeuliza ameshapanda ya mpira siku ya kusi, kaona inavyopita juu ya wimbi, na moyo wake umeshahamia huko. Mimi humuuliza: maji yakikupwa, boti yako itakuwa wapi?

Bahari yetu inapanda na kushuka sana. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hapa Unguja hukaribia mita 4, na maji hukauka kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, jua ndiyo kwanza linaanza kuchoma. Boti iliyofungwa pwani ya Chwaka au Makunduchi hukalia mchanga, mawe na maganda ya chaza mpaka maji yarudi. Hapo ndipo boti inapochakaa, kuliko safarini.

Boti ya mpira nzuri ni chombo cha kuaminika. Tumbo lake ni la faiba au aluminiamu, na pembeni imezungushiwa mirija ya upepo iliyogawanywa vyumba. Kikipasuka kimoja, vilivyobaki vinaibeba. Ikijaa maji bado inaelea. Mzamiaji anapanda ubavuni bila boti kulala upande, na ukiisogeza kwenye chombo kingine haikwaruzi. Ilibuniwa Wales miaka ya 1960, kwenye chuo kimoja cha pwani kilichokuwa na boti za uokozi za mpira mtupu. Kokoto za ufukweni zilikuwa zinakula matumbo ya boti zile, wakaamua kuweka tumbo la mbao. Zingatia jambo hilo: mawe yalishinda mpira, na tumbo likafanywa gumu. Mirija ilibaki mpira.

Na mirija si yote sawa. Ya PVC, yaani plastiki laini, ni nafuu, lakini jua letu linaikausha, gundi ya mishono inaachia, na mafuta ya petroli au yale ya ngozi wanayojipaka wageni huifanya inate. Ya kitambaa cha aina ya Hypalon, kilichopakwa mpira wa kiwandani, ni ghali zaidi na inahimili jua miaka mingi. Muuzaji akishindwa kukwambia ni ipi, ondoka.

Niliwahi kuitwa Pemba na kikundi kimoja kilichopewa boti ya PVC. Mrija wa kulia ulikuwa umeachana na tumbo, urefu wa mkono mzima. Juu yake palikuwa na viraka vitatu vilivyobandikwa kwa gundi ya matairi, tena wakati wa masika. Nilipokivuta kimoja kwa kucha, kilitoka chote kama ganda la ndizi. Vijana wale hawakuwa wazembe, ila hakuna aliyewaeleza kwamba gundi ya mirija ni ya kuchanganya mbili, inakwenda na aina ya kitambaa, na haishiki vizuri hewa ikiwa na unyevu mwingi. Visiwani hapa siku kavu za kubandika ni za kuvizia.

Faiba ikitoboka kwenye mwamba, fundi anasaga pale, anakausha, anatandika kitambaa na kumimina gundi yake kwa dawa ya kugandisha ya asilimia 1 mpaka 2. Kwa joto letu aanze na ndogo, la sivyo itamgandia koponi. Kesho yake boti inarudi baharini. Ndiyo maana kwa kikundi cha kijijini kisicho na kivuli cha kuwekea boti, mimi nashauri faiba. Anayezamisha wageni kwenye visiwa vya Mnemba au Misali, au mwenye kazi ya uokozi, na ana mahali pa kuipandisha na kuifunika, achukue ya mpira.

Lakini faiba ina khatari yake, na hii inaniumiza kwa sababu inazuilika. Ikijaa maji bila kuwa na povu gumu chini ya viti, huzama pamoja na mashine. Boti nyingi za bei rahisi zina uwazi mtupu mle ndani. Omba kifuniko kifunguliwe uone kwa macho yako. Kisha gonga tumbo zima kwa sarafu: sauti kavu ni nzima, sauti ya kufifia ni tabaka zimeachana. Inyanyue mashine, ishike kwa chini na uitikise juu na chini. Ubao wa tezi, ule wa nyuma unaobeba mashine, ukicheza, mbao za ndani zimeoza.

Ya mpira ijaze upepo magharibi, uiache hadi alfajiri. Mirija yote ikilegea kidogo kwa pamoja, ni baridi ya usiku. Chumba kimoja kikinywea peke yake, kipake maji ya sabuni, uone povu linatokea kwenye mshono au kwenye vali, kabla hujatoa hata shilingi.