Zabibu sio lazima zipate baridi na mvua nyingi

Huku Arusha na Moshi wengi wanaamini zabibu ni zao la baridi na mvua, kwahiyo mwenye shamba kule kukavu Longido au Same hata hajiulizi. Inaeleweka, tumezoea kijani kufuata mvua ya mlimani. Ila Dodoma ndo inajulikana kwa zabibu Tanzania, na ni nusu jangwa, mvua kwa kawaida haifiki milimita 700 kwa mwaka, na wakulima wanaweza kuvuna mara 2, kwasababu pasipo na baridi kali mzabibu haulali, ukiupogoa unachipua upya, yani mkasi wako ndo unapanga msimu, na hapo ndo pazuri zaidi kwenye hili zao. Ukavu nao unasaidia, magonjwa mengi ya ukungu yanapenda majani yaliyolowa.

Maji yanahitajika jamani, hasa mche ukiwa mchanga, ila ya matone pale shinani yanafaa kuliko kumwagia juu.

Ukitaka kuhakikisha, pita soko la Kilombero hapa Arusha uulize wauzaji zabibu zao zimetoka mkoa gani. Kabla ya kumwagilia chimba kidogo uone kama chini kuna unyevu. Na maji ya kisima yapimwe chumvi kabla hujanunua miche.