Viza ya P-3 kwa Kikundi cha Taarab: Faili Huangukia Wapi

Kabla ya kuulizia tiketi, ulizeni nani aliyeko Marekani atakayesaini Fomu I-129, fomu ya ombi lenyewe. Kwa viza za kazi za wasanii, O na P, msanii hajiombei. Ombi hupelekwa USCIS, idara ya uhamiaji ya kule, na mwajiri, mwandaaji wa tamasha au wakala. Barua ya mwaliko yenye nembo ya chuo, hata iwe nzuri vipi, si ombi.

O-1B ni ya mtu mmoja mwenye jina kubwa katika fani yake. P-1B ni ya kikundi kinachojulikana kimataifa, na angalau asilimia 75 ya wanachama wawe wamekaa kikundini mwaka mzima au zaidi. Hapo vikundi vyetu vingi hukwama, kwa sababu mpiga fidla wa leo kesho yuko kwa wengine. P-3 haidai umaarufu. Inadai upekee wa kitamaduni, nao ndio unaowashinda watu kuuthibitisha.

Taarab ina ugumu wake. Ina ala za Kiarabu, udi na kanuni, akodiani ya Ulaya, ladha ya Kihindi, mahadhi ya mwambao na mashairi ya Kiswahili. Afisa anaweza kuuliza: huu ni utamaduni wa nani hasa? Jibu lipo tangu 2012, katika uamuzi uitwao Matter of Skirball Cultural Center, uliohusu kikundi cha Argentina kilichochanganya muziki wa klezmer wa Kiyahudi na mahadhi ya Amerika ya Kusini. Ofisi ya rufaa ya USCIS ilikubali kwamba sanaa ya mchanganyiko nayo inaweza kuwa ya kipekee kitamaduni, mradi mchanganyiko huo ni wa jamii au eneo linalotambulika. Utajeni uamuzi huo kwenye barua ya ombi. Msifiche uchotara wa taarab, uelezeni.

Anayeueleza ni mtaalamu, si shabiki. Barua inayosema "kikundi hiki ni hodari, kimetuburudisha miaka mingi" haina uzito. Inayofaa huanza na mwandishi mwenyewe: amesomea nini, amefundisha wapi, ameijuaje taarab. Kisha ifafanue jinsi mtindo ulivyokulia Zanzibar na mwambao, ala zipi hupigwa na kwa namna gani, ushairi una nafasi gani, na kwa nini kikundi hiki ndicho kinachobeba asili hiyo. Mimi hupendelea barua tatu za watu tofauti. Zikifanana sentensi kwa sentensi, afisa atajua zimeandikwa na mkono mmoja.

Makala za magazeti husaidia pia, lakini kila karatasi ya Kiswahili iambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mfasiri aandike na kusaini kwamba anazimudu lugha hizo na tafsiri ni sahihi. Muhtasari hautoshi. Na kama bango linamwita mwimbaji kwa jina la utani, wekeni maelezo yanayoliunganisha na jina la pasipoti.

Ratiba ioneshe tarehe, ukumbi na aina ya kila onesho, na maonesho yote yawe ya kitamaduni. Warsha ya kufundisha udi inaingia. Usiku mmoja wa kupiga nyimbo za disko hotelini unaweza kuharibu ombi zima.

Maoni ya maandishi ya chama cha wafanyakazi ni lazima. Kwa wanamuziki, ni AFM, chama cha wanamuziki cha Marekani na Kanada. Fundi wa sauti haingii kwenye ombi la wanamuziki: ana lake la P-3S, viza ya wasaidizi wa kikundi, lenye maoni yake ya chama na maelezo ya kwa nini Mmarekani yeyote hawezi tu kushika nafasi hiyo.

Ombi linapokewa hadi mwaka mmoja kabla ya safari. Tangu Aprili 2024 ada ya I-129 kwa P ni dola 1,015, au 510 kwa mwajiri mdogo na shirika lisilo la faida. Juu yake kuna ada ya kugharimia mpango wa hifadhi ya wakimbizi: 600, 300 kwa mwajiri mdogo, na sifuri kwa shirika lisilo la faida. Ombi moja hubeba watu 25 tu. Huduma ya haraka, kwa ada ya ziada, hutoa jibu ndani ya siku 15 za kazi, ila wakidai ushahidi zaidi, hesabu inaanza upya mkishajibu.

Mwanamuziki akiugua baada ya ombi kukubaliwa, msianze upya. Mwombaji aandike barua ya kubadilisha jina, aambatanishe nakala ya idhini, na aiwasilishe kwenye ubalozi ambako huyo mbadala anaombea viza. Kwa fundi wa P-3S njia hiyo haipo, basi yeye chagueni asiye na udhuru.

Ubalozini, ada ya viza ni dola 205 kwa kila mtu. Afisa wa ubalozi atataka kuona mtu ana makazi na mambo ya kurudia nyumbani. Mkishaingia, mnaweza kupewa siku 10 kabla na siku 10 baada ya muda wa ombi, lakini kupiga muziki siku hizo ni marufuku.