Pycnomerus, jamaa asiyejulikana wa mbawakawa wa deraya

Ikitajwa familia ya Zopheridae, wengi humkumbuka mbawakawa mmoja tu: Phloeodes diabolicus wa magharibi mwa Amerika ya Kaskazini. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba anastahimili mgandamizo wa nyutoni 149, yaani takriban mara 39,000 ya uzito wake. Sifa hiyo anaistahili. Ila kwangu mimi, utamu wa familia hii uko kwa jamaa zake ambao hakuna anayewatazama, hasa jenasi ya Pycnomerus.

Muweke chini ya hadubini. Ana urefu wa milimita chache tu, mwembamba, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Mabawa yake magumu ya juu yana mifereji iliyonyooka, na vishimo vimejipanga humo kama ushanga uzini. Papasi, yaani vipapasio vya kichwani, ni fupi, nene, zenye kirungu nchani. Makazi yake ni chini ya magome na ndani ya magogo yanayooza. Umtazame vipi, humwoni Phloeodes mkubwa mwenye mgongo wa vinundu.

Sasa hesabu pingili za nyayo. Phloeodes ana 5 miguu ya mbele, 5 ya kati na 4 ya nyuma. Mpangilio huohuo unao Tenebrionidae, familia nyingine ya mbawakawa, na zamani kundi la Phloeodes liliorodheshwa humo. Pycnomerus ana 4 miguu yote, kwa hiyo akahesabiwa miongoni mwa Colydiidae, wakati huo familia inayojitegemea. Hesabu hii ni rahisi kutumia, lakini kuitegemea peke yake ni hatari: makundi yasiyo na undugu wa karibu yanaweza kupoteza pingili, kila moja kwa njia yake.

Mwaka 1999 wataalamu wa mbawakawa Adam Ślipiński na John Lawrence walipima sifa nyingi kwa pamoja, za wadudu wazima na za mabuu. Colydiidae ikawa nusufamilia ndani ya Zopheridae. Monommatidae, wale wa umbo la yai wanaoficha papasi upande wa chini wa mwili, nao wakaingizwa. Katika mpangilio huo Pycnomerus yumo Zopherinae, nusufamilia moja na Phloeodes.

Tafiti za DNA zilizofuata zimetia shaka kama Zopheridae nzima ni ukoo mmoja. Hata hivyo, sioni sababu ya kurudi kwenye hesabu ya pingili. Kinachohitajika zaidi ni mabuu, maana sifa zao nazo husaidia kupima undugu. Kwa hiyo ukimpata Pycnomerus gogoni, endelea kuchimbua. Buu akiwepo, mhifadhi pamoja naye.