Picha za ndani kwenye mwanga hafifu: anza na shata, kamera baadaye

Kabla ya kulinganisha bei za kamera, jibu swali moja: unachokipiga kinatembea au kimetulia?

Kama kimetulia, yaani chumba chenyewe, meza iliyoandaliwa au mchoro ukutani, huna haja ya kuumiza kichwa. Tafuta tripodi isiyoyumba, weka ISO 100 (kiwango cha kamera kukuza mwanga) na f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi; namba ikipungua, tundu linafunguka zaidi), acha shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, ikae wazi sekunde 1, 2, hata 4, na tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise kamera unapobonyeza. Kamera ya miaka kumi iliyopita ikiwa juu ya tripodi itatoa picha safi kuliko mpya iliyoshikwa mkononi kwa ISO 6400.

Kazi ipo kwa watu. Aliyekaa anaongea anataka shata ya angalau 1/125 ya sekunde. Anayetembea, 1/250. Anayecheza muziki, 1/500, na hata hapo mikono inaweza kuacha mkia. Kidhibiti mtikisiko, kiwe kwenye lenzi au ndani ya kamera, kinatuliza mikono yako wewe, hakimtulizi anayepigwa. Wengi wanapigwa chenga na tangazo hapo: wanasoma "stopu 5 za utulivu" (stopu ni hatua ya kupima mwanga), wanashuka mpaka 1/15, kisha wanashangaa kochi limetoka kali na mtoto aliyekaa juu yake amekuwa ukungu.

Basi shikilia kasi ya shata unayoihitaji, uhesabu kurudi nyuma. Sebule yenye taa za kawaida usiku mara nyingi huangukia karibu na f/2 na 1/15 kwa ISO 100. Stopu moja ni mwanga maradufu au nusu yake, kwa hiyo kupanda mpaka ISO 1600 ni stopu 4, na unafika 1/250 ukiwa bado kwenye f/2. Sasa chukua lenzi ya 18-55 mm iliyokuja na kamera. Ukiivuta hadi 55, upande wa kukuza, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Umepoteza stopu 3: ama ushuke hadi 1/30 na watu watikisike, ama upande hadi ISO 12800 na picha ijae chengachenga (vidoadoa).

Weka hesabu hiyo kando ya ile ya sensa, kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Sensa ya fremu kamili ni 36 × 24 mm. Ya APS-C, aina iliyo ndogo zaidi ya hiyo, ni karibu 23.5 × 15.6 mm. Eneo linaongezeka kama mara 2.3, sawa na stopu 1 na robo hivi. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 ni zaidi ya stopu 3, karibu mara 10 ya mwanga. Kwa hiyo mwenye fedha ya kununua kitu kimoja anunue lenzi, si bodi (kamera yenyewe bila lenzi). Lenzi ya 50 mm f/1.8 huwa miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa katika kila mfumo, na itaibadilisha kamera uliyonayo kuliko bodi mpya yenye lenzi ileile ya f/5.6.

Ila angalia ukubwa wa chumba. Kwenye APS-C, 50 mm inabana: unarudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta na bado kichwa kimekatwa. Hapo chukua 35 mm, ambayo kwenye sensa hiyo inaona kama 50 inavyoona kwenye fremu kamili. Lenzi ya 85 mm ni nzuri kwa uso, lakini inataka ukumbi.

Tundu kubwa nalo lina gharama yake. Kwa 50 mm f/1.8 kwenye fremu kamili, ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu, kina kinachotoka kikali ni kama sentimita 17 tu. Uso mmoja unatosha humo. Watu wawili, mmoja nyuma ya mwenzake kwa nusu mita, hawatoshi, na hakuna programu itakayomrudisha wa nyuma. Rudi hadi mita 3 na ufunge mpaka f/2.8, utapata kama sentimita 60. Stopu hiyo moja na ushee unailipa kwa ISO, na inastahili.

Kuhusu chenga zenyewe: hazizaliwi na ISO, zinazaliwa na uchache wa mwanga uliofika kwenye sensa. Ndiyo maana kupiga picha ya giza kwa ISO 800 "ili iwe safi" kisha kuipandisha stopu 2 kwenye kompyuta hakukuokoi. Mara nyingi vivuli vinatoka vibaya kuliko kama ungepiga kwa ISO 3200 tangu mwanzo. Piga RAW (faili ghafi kutoka kwenye sensa), jaza mwanga ipasavyo, na uziachie programu za kuondoa chenga sehemu yao. Picha yenye chenga inasafishika. Iliyotikisika ndiyo basi.

Ukisoma maelezo ya kamera utakuta fokasi, yaani mfumo wa kulenga ukali, inafanya kazi mpaka EV -4 au -6 (kipimo cha mwanga; namba ikishuka, giza linazidi). Soma na maandishi madogo chini yake: kipimo hicho kwa kawaida kimefanywa na lenzi ya f/1.2 au f/1.4. Ukiweka lenzi ya f/4, fokasi inapata mwanga pungufu kwa stopu 3 ukilinganisha na f/1.4, na lenzi inaanza kwenda mbele na kurudi bila kushika. Usiielekeze kwenye shavu au ukuta mtupu. Ipe mstari wenye utofauti: ukingo wa miwani, ukosi wa shati, mpaka wa nywele na paji la uso.

Kuna kosa lingine ambalo watu humlaumu fundi wa kamera bure. Picha zinatoka na mistari ya giza, au moja ina rangi ya manjano na inayofuata ina kijani. Ni taa. Umeme wa 50 Hz hufanya taa nyingi za LED na tyubu zipepese mara 100 kwa sekunde, wa 60 Hz mara 120. Jicho halioni, shata inaona. Kwenye 50 Hz tumia 1/50 au 1/100. Kwenye 60 Hz, 1/60 au 1/125. Ukihitaji kasi zaidi, washa kipengele cha kuzuia mpepeso na uzime shata ya kielektroniki, kwa sababu sensa nyingi husoma mstari baada ya mstari polepole kuliko taa inavyopepesa. Unaponunua bodi ya kazi za ndani, kipengele hicho nakiweka mbele ya idadi ya megapikseli.

Flashi wengi wanaichukia kwa sababu wameitumia ikimtazama mtu usoni. Nunua yenye kichwa kinachoinama na kuzunguka, uielekeze kwenye dari nyeupe. Flashi yenye namba elekezi 40 (kipimo cha nguvu yake; igawanye kwa umbali wa mita upate f) ikisafiri mita 5 kwenda darini na kushuka, kwa ISO 100, ingekupa f/8. Dari ikila stopu 2, imebaki f/4. Panda ISO 800 na una f/11, yaani nguvu ya ziada ya kupunguza ili betri zidumu. Ukiwa na flashi ya namna hiyo, hata lenzi ya f/4 inafanya kazi. Dari ikiwa ya mbao au ya rangi, ngozi za watu zitachukua rangi hiyo. Geukia ukuta mweupe nyuma yako. Na kwa kuwa flashi ina takriban 5500 K (kipimo cha rangi ya mwanga) huku balbu za njano zikiwa karibu na 2700 K, bandika jeli (plastiki nyembamba inayopitisha mwanga) ya rangi ya chungwa mbele ya flashi, la sivyo mtu atatoka sawa na chumba nyuma yake kitakuwa chungwa bivu.

Lenzi iliyotumika yenye tundu kubwa ikiuzwa mkononi, ichunguze kabla ya kulipa. Mulika tochi kutoka nyuma, uangalie kutoka mbele kwa pembe: nyuzi kama za buibui ni kuvu, achana nayo. Funga tundu mpaka f/16 utazame bapa zake, vile vipande vinavyolifunga. Zikiwa na mng'ao wa mafuta zitachelewa kufunga na picha zitatoka nyeupe kupita kiasi. Kisha ingia chumba chenye taa za kawaida, fungua tundu lote, shata 1/250, lenga jicho la mtu aliye mita 2, upige picha kumi na uzikuze kwa asilimia 100. Kope zikiwa kali katika picha moja moja tu, na masikio ndiyo yaliyotoka makali kwenye nyingine, fokasi ya lenzi hiyo inaangukia nyuma. Kama kamera yako ina marekebisho ya fokasi kwa kila lenzi, jaribu kuisogeza mbele kidogo urudie picha kumi nyingine. Kama haina, mrudishie mwenyewe.