Kipaza sauti si chake: dhana potofu kuhusu afisa habari wa Serikali

Kijana anayeomba kazi ya uafisa habari serikalini huwa amekwisha kujichorea picha: yuko mbele ya vipaza sauti, kamera zimemwelekea, naye anatoa tamko. Picha hiyo ni ya mtu mwingine. Kwa Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, Msemaji Mkuu wa Serikali ya Tanzania ni Mkurugenzi wa Idara ya Habari, ile tunayoiita MAELEZO. Wizarani na kwenye halmashauri, anayesema kwa kawaida ni waziri, katibu mkuu au mkurugenzi. Afisa habari ndiye aliyeandika kinachosemwa.

Chukua tangazo la kukatika kwa maji. Mhandisi huleta maelezo yanayoanza na "kufuatia matengenezo ya miundombinu ya usambazaji", bila kutaja hata siku. Afisa habari humrudia kuuliza ni kata zipi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na wenye wagonjwa watapata wapi maji. Kisha huandika dokezo sabili, yaani waraka mfupi wa ndani ya ofisi wa kuomba idhini, likapanda kwa wakubwa, likarudi na kalamu nyekundu, na iwapo mwenye kutia saini yuko safarini, jalada hulala masijala, chumba cha kutunzia majalada, huku mabomba yakikauka. Nimewahi kuliona tangazo la namna hiyo likitoka maji yakiwa yamekwisha kurudi, na bado lilibeba ile sentensi yetu ya "tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza". Kufuatilia saini ni nusu ya taaluma hii, ingawa sijaona chuo kinachoifundisha.

Dhana kwamba mtumishi huyu ameajiriwa ili afiche mambo haikuzuka bure, kwa sababu wapo wanaokalia taarifa zisizo na siri yoyote kwa kuogopa lawama tu. Hata hivyo, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, nayo ya mwaka 2016, inaitaka ofisi yenye taarifa imjibu mwombaji ndani ya siku 30, na ikimnyima imweleze sababu. Sheria hiyohiyo inataja taarifa zinazoweza kuzuiwa, zikiwemo zinazogusa usalama wa taifa. Lakini "njoo wiki ijayo" haimo katika orodha hiyo.

Wanaodhani kwamba lazima uwe mwandishi wa habari wamekosea kidogo tu: uandishi husaidia sana, lakini waliosomea uhusiano wa umma huajiriwa pia, na vitengo vya mawasiliano vinahitaji wapiga picha na wanaoijua mitandao ya kijamii.

Kati ya kazi za habari za Serikali, inayopotoshwa zaidi ni diplomasia ya umma, ambayo wengine huiona kuwa tafrija za balozini na wengine propaganda iliyovalishwa suti. Diplomasia tuliyoizoea ni serikali kuzungumza na serikali. Hii ni serikali kuzungumza na wananchi wa nchi nyingine. Jina lenyewe, kwa maana ya leo, lilianza Marekani mwaka 1965 kwa Edmund Gullion, mwanadiplomasia aliyekuwa mkuu wa Shule ya Fletcher katika Chuo Kikuu cha Tufts, lakini Dar es Salaam haikulisubiri jina hilo ndipo ianze kazi. Katika miaka ya 1960 na 1970, idhaa ya nje ya Radio Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia nafasi ya kuzungumza wenyewe na watu wao, jambo lililoipa nchi hii heshima ambayo hotuba zake yenyewe pekee zisingeileta. Mtumishi wa Serikali aliyekuwa zamu studioni alimpisha mwingine kwenye kipaza sauti, na aliyekusudiwa kusikia hakuwa waziri wala balozi, bali mtu aliyejiinamia kwenye redio yake, sauti ameipunguza, ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji.