Sindano ya kuzuia ukimwi mara mbili kwa mwaka: ipo kweli, sasa tuongelee nani anailipia

Kwenye dirisha la dawa hapa Mbeya siku hizi swali ni lile lile, eti sindano ya ukimwi imeshatoka, na mbona Zambia wameanza kupata sisi tunasikia redioni tu, na wengine wanaongezea kabisa kwamba dawa ya kuponya ipo miaka mingi ila wenye kampuni wameifungia kabatini ili tuendelee kununua vidonge. Sisi wa famasia tumejibu mmoja mmoja mpaka tukaona bora tuandike, maana mambo ya kampuni za dawa hakuna anayetufundisha, mtu anaokoteza kwenye status za watu anaenda navyo hivyo hivyo.

Tuanze na ya kweli. Sindano ipo, inaitwa lenacapavir, imetengenezwa na kampuni ya Marekani inaitwa Gilead Sciences. Haiponyi ukimwi na siyo chanjo. Ni PrEP, yaani ni ya mtu ambaye hana virusi na anataka asivipate, kazi ile ile ya vidonge vya PrEP ambavyo baadhi yenu mnavimeza, ila hii unachomwa chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya miezi sita, na siku mbili za kwanza unameza na vidonge ili dawa ipande haraka mwilini. Unapima kwanza, ukiwa hasi ndo unachomwa. (Kuna matumizi yake mengine kwa wagonjwa ambao virusi vyao vimekuwa sugu kwa dawa karibu zote, huko inatumika pamoja na dawa nyingine, hilo tuliache kwa leo.)

Na sisi watu wa huku hii habari inatuhusu kuliko wengine. Utafiti wa taifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4 nchi nzima, lakini Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Mikoa mitatu, yote ya kwetu. Kwa hiyo mtu wa Makambako au Mafinga akiuliza sindano iko wapi hana umbea, anauliza kitu cha maana kabisa.

Inafanyaje kazi? Kirusi kina ganda la protini linalofunika vinasaba vyake, wataalamu wanaliita kapsidi. Ganda hilo lazima lisafirishe mzigo mpaka ndani ya seli, lifunguke kwa wakati wake, na baadaye kirusi kipya kikitengenezwa lijengwe upya. Lenacapavir inajibandika kwenye hilo ganda, basi kila hatua inavurugika. Dawa nyingi za zamani zinaziba njia moja tu, hii inaharibu sehemu kadhaa kwa mpigo, halafu inakaa mwilini muda mrefu sana. Jaribio kubwa la kwanza, PURPOSE 1, lilifanyika Afrika Kusini na Uganda kwa mabinti wa miaka 16 mpaka 25, majibu yakatoka 2024: kati ya wasichana 2,134 waliochomwa sindano, aliyepata virusi hakuna hata mmoja. Sifuri. Kwenye kundi la Truvada, vidonge vya PrEP vya kila siku, watu 1,068, walipata 16. Siyo kwamba vidonge ni vibovu, shida ni kumeza kila siku, ukizingatia binti anaishi na shangazi yake anayepekua kila mkoba.

Sasa bei. Juni 2025 Marekani walipoiidhinisha, ilitoka na bei ya dola 28,218 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Ni kama milioni 70 za kwetu, na kwa hela hiyo Uyole unanunua kiwanja na kujenga unajenga. Watu wakasema huu ni wizi, na mimi sitabishana nao sana, ila ni vizuri kujua hesabu inatoka wapi. Kutengeneza kile kichupa kimoja kiwandani hakugharimu hela hiyo hata kidogo. Kampuni inalipisha miaka iliyopita. Ni kama mkulima wa parachichi Rungwe, miaka ya mwanzo anaweka mbolea na kupalilia bila kuuza hata tunda, sasa mwenye dawa anakaa miaka 10 mpaka 15, na katika dawa kumi zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu inayofika sokoni ni kama moja, kwa hiyo ile moja inalipia na zile tisa zilizokufa. Juu ya hapo kuna hataza, wengi tunaita patenti, miaka 20 ambayo mtu mwingine haruhusiwi kuitengeneza bila ruhusa yake. Ndani ya miaka hiyo bei anapanga mwenyewe, na anapanga kwa kuangalia mfuko wa bima za Marekani, siyo mfuko wa mama anayeuza ndizi Mwanjelwa.

Ila hapo hapo kuna mlango. Oktoba 2024 Gilead walitoa leseni kwa viwanda sita, vingi vya India na pia Misri na Pakistani, viitengeneze kwa ajili ya nchi 120 bila kuwalipa mrabaha, yaani ada ya kutumia hataza yao. Septemba 2025 ikatangazwa kwamba viwanda viwili vya India, Dr. Reddy's na Hetero, wataiuza kwa kama dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Kutoka 28,218 mpaka 40! Dawa ni ile ile, haijapungua kitu. Kilichobadilika ni nani anaruhusiwa kuitengeneza na nani anasaini kwamba atanunua nyingi kwa mkupuo, maana kiwanda hakiwashi mashine kwa matumaini. Na msidhani kila maskini kaingia kwenye hiyo orodha, Brazil, Argentina, Meksiko na Peru wameachwa nje wakati watu wao walijitolea miili yao kwenye jaribio la pili la sindano hii hii. Hilo mimi naona ni aibu, na sidhani kama kuna maelezo ya kibiashara yanayoifuta.

Dozi za kwanza Afrika zilifika Eswatini na Zambia Novemba 2025, ndo maana wa Tunduma mnasikia habari toka ng'ambo. Kwa upande wetu sikiliza tangazo la Wizara ya Afya na ulizia kwenye CTC, kliniki ya huduma za VVU, iliyo karibu nawe. Usichomwe na mtu anayekwambia ameivusha mpakani kwenye begi, kwanza hujui ni nini kimo kwenye hicho kichupa, pili ukichomwa wakati una virusi na hujui, dawa moja peke yake haivimalizi, inavifundisha usugu.

Wazee wa ARV mnakumbuka hili sinema tumeshaliona. Mwaka 2000 dozi ya mwaka mmoja ilikuwa dola elfu kumi na zaidi, watu wakawa wanakufa huku dawa ipo. 2001 kampuni ya Cipla ya India ikasema sisi tutauza mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350, dunia nzima ikashtuka. Leo TLD, kile kidonge kimoja cha siku ambacho wengi mnakichukua CTC, Mfuko wa Dunia unakinunua chini ya dola 45 kwa mtu kwa mwaka mzima. Na mkataba wa biashara wa dunia umeziruhusu nchi maskini zaidi, sisi tukiwemo, zisilazimike kulinda hataza za dawa mpaka mwaka 2033.

Sasa turudi kwenye ile ya kuficha kabatini. Jamani, kampuni inayouza hisa sokoni haifichi dawa inayouzika. Ingekuwa na ya kuponya ukimwi leo ingeitangaza kesho asubuhi na bei juu. Ubaya wao uko kwingine na ni mkubwa zaidi, kwamba ugonjwa usio na mnunuzi hawautafutii dawa kabisa, hakuna cha kuficha kwa sababu hawakuanza. Angalia antibiotiki. Kuna kampuni ya California ilikuwa inaitwa Achaogen, ilihangaika mpaka ikapata antibiotiki mpya ya vijidudu sugu, ikaidhinishwa Juni 2018, Aprili 2019 ikafilisika. Kwa sababu antibiotiki mpya madaktari wanaitunza kwa ajili ya wagonjwa wachache waliokwama, mgonjwa anaitumia siku chache anapona anaondoka, hakuna hela ya kila mwezi kama ya presha au sukari. Kampuni kubwa zikaona hivyo zikaanza kujitoa moja moja. Halafu huku kwetu mtu anaenda dukani anasema nipe azuma mbili nina mafua, mafua yenyewe ya virusi, antibiotiki haina kazi hapo. Tunazichoma zilizopo na mpya haziji.

Mfano wa kinyume upo Tukuyu. Wale wa Rungwe, Busokelo na Kyela, kwenye mito ile inayoshuka kasi kwenda ziwa Nyasa, mnaujua usubi, vile vinzi vinavyouma na kukuachia minyoo midogo inayoleta muwasho mpaka ngozi inakuwa kama ya mjusi, na wengine kupofuka. Mnakumbuka kingatiba, mhudumu anakuja na fimbo anakupima urefu anakupa vidonge vyako. Ile ni ivermectin. Ilitokana na kijidudu cha kwenye udongo, profesa wa Japani Satoshi Ōmura alikiokota karibu na uwanja wa gofu, akakituma kwa kampuni ya Merck Marekani, huko William Campbell akaona kinaua minyoo ya wanyama. 1981 ikaanza kuuzwa kama dawa ya mifugo na ikaleta hela ndefu. Ilipoonekana inafaa na kwa usubi wa binadamu, waliokuwa wanaihitaji hawakuwa na hela, hata ya dola moja, basi 1987 Merck wakatangaza kuitoa bure kiasi chochote kitakachohitajika kwa muda wote utakaohitajika, na mpaka leo wanatoa. Ōmura na Campbell walipewa Nobel 2015. Sifa nawapa, ila tuseme ukweli, ng'ombe ndo walilipia utafiti, bila soko la ng'ombe sijui kama vidonge vya Tukuyu vingekuwepo. (Na wafugaji wa Mbarali, ile chupa ya ng'ombe ibaki ya ng'ombe, nguvu yake na kipimo chake siyo vya mtu.)

Kuna kitu tunakisahau pia, kwamba dawa nyingi zinafeli, na zinafeli kwenye miili ya watu wa kwetu. Mbeya ilikuwa mojawapo ya vituo vya PrEPVacc, jaribio la chanjo za VVU lililofanyika pia Dar es Salaam, Masaka Uganda na Durban, watu zaidi ya 1,500 waliingia. Mwishoni mwa 2023 kamati huru iliyokuwa inachungulia takwimu ikaona hakuna dalili kwamba chanjo zinakinga, wakasimamisha uchanjaji. Mtaani ikageuka kuwa eti watu waliambukizwa na chanjo, hapana, chanjo zile hazina virusi hai vya ukimwi ndani yake. Hata Johnson & Johnson na hela zao zote walifeli mara mbili, 2021 na 2023. Kama utaitwa kushiriki jaribio lolote, karatasi ya ridhaa lazima iwe kwa lugha unayoielewa, lazima liwe limepita kamati ya maadili na TMDA (mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba), unaruhusiwa kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida, na hulipii kitu. Ukiona unaombwa hela ili uingie kwenye utafiti, huo siyo utafiti.

Bayoteknolojia nayo inaulizwa sana, watu wakisikia vinasaba wanaogopa. Mwenye sukari anayejichoma insulini ameshaitumia zamani. Zamani insulini ilitoka kwenye kongosho la ng'ombe na nguruwe, 1978 wanasayansi waliokuwa na kampuni changa ya Genentech wakafanikiwa kuitengeneza ya binadamu kwa kupandikiza jeni kwenye bakteria, 1982 ikaingia sokoni kupitia Eli Lilly. Mpya kabisa ni ya sikoseli, inaitwa Casgevy, ya Vertex na CRISPR Therapeutics, Uingereza waliikubali Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Wanakutoa seli mama za damu, wanazirekebisha maabara, wanakupiga dawa kali kusafisha uboho, wanakurudishia. Bei dola milioni 2.2. Tanzania wanazaliwa watoto kama 11,000 wenye sikoseli kila mwaka, kwa hiyo hesabu mwenyewe, hiyo tiba kwa sasa ni ya kusikia. Cha kwetu ni hydroxyurea, kidonge cha zamani kisicho na hataza, kinapunguza maumivu na kulazwa, na mzazi ambaye mtoto wake hajawahi kuandikiwa amuulize daktari wake. Anayeuza unga wa kuponya sikoseli Facebook mpite tu.

Mwisho ni hili la dukani maana ndo linagusa mfuko leo. Kwenye boksi la dawa kuna jina kubwa na jina dogo. Kubwa ni la biashara, ambalo kampuni imeipa, dogo ndo dawa yenyewe, mfano Panadol jina dogo ni paracetamol. Hataza ikiisha viwanda vingine vinatengeneza kwa jina lile dogo, hizo ndo tunaita jeneriki, na ikiwa imesajiliwa na TMDA kiambato ni kile kile na kipimo ni kile kile. Kuna mgonjwa wa presha unakuta ananunua nusu dozi ya jina kubwa kwa sababu hela haitoshi, wakati dozi nzima ya jeneriki angeipata na chenji ikabaki. Kwenye DLDM, haya maduka ya dawa muhimu ambayo kwa taarifa yenu yalianzia Ruvuma mwaka 2003, na kwenye famasia vile vile, mwambie muuzaji akuandikie jina dogo kwenye karatasi, uende nalo na duka la pili ulinganishe bei.